Thamani ya zulia la Kiajemi hutokana na nini?

Muuzaji akitaka kukushawishi, hulipindua zulia akakuonyesha mafundo ya mgongoni. Kipimo hicho ni halali, ila hakitoshi. Zulia la Kiajemi, yaani la Iran, hufungwa fundo moja moja kwa mkono kwenye nyuzi za mtande, zile zinazotandwa kwanza kwa urefu, kwa hiyo mafundo yakisongamana, kazi imechukua muda mrefu zaidi na maua yanachoreka kwa mistari myembamba. Mazulia ya hariri ya Qom, mji wa Iran, husifika kwa hilo. Hata hivyo, mazulia ya kale ya Heriz, kaskazini-magharibi mwa Iran, yenye mafundo makubwa na michoro ya pembepembe, nayo hugombewa. Isitoshe, mfumaji mwenye haraka anaweza kufunga fundo moja juu ya nyuzi nne badala ya mbili. Wairani huliita jufti. Zulia la namna hiyo halishibi mafundo, na huchakaa mapema.

Mimi ningetazama rangi kwanza. Hadi katikati ya karne ya 19, rangi zilitoka kwa mimea na wadudu: buluu kwa nili, nyekundu kwa mizizi. Rangi ya kwanza ya viwandani iligunduliwa London mwaka 1856, na baadhi ya zile za mwanzo zilipofika Iran zilipauka au kuchuja zilipolowa. Za leo ni imara zaidi, basi si haki kulikataa zulia kwa sababu tu rangi yake ni ya kiwandani. Sufu nayo ina daraja zake: iliyokatwa kondoo akiwa hai hung'aa, ilhali iliyotolewa kwenye ngozi ya aliyechinjwa hufifia na kukatika.

Viraka, nondo na matamvua yaliyoliwa hushusha bei, ila umri na uhaba huweza kufuta dosari hizo. Zulia la Ardabil, lililofumiwa jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 Hijria, lilikarabatiwa kwa vipande vilivyokatwa kwenye pacha wake. Bado makumbusho ya London ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert yalilinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, fedha nyingi enzi hizo. Mwaka 2013, zulia la karne ya 17 lisilofika urefu wa mita 3 liliuzwa New York kwa dola milioni 33.7.

Hayo ni ya wachache. Zulia jipya la dukani, hata liwe zuri vipi, ukilirudisha sokoni kwa kawaida hupati ulichotoa.