Belti ya taimingi haingoji kulia

Madereva wengi Mombasa huamini kwamba belti ya taimingi (ile ya ndani inayofanya vali za injini ziende sambamba na pistoni) ikikaribia kukatika italia kwanza, kwa hivyo hakuna haja ya kuibadilisha mapema. Imani hiyo ina chanzo: ule mlio wa asubuhi gari likiwashwa kwa kawaida hutoka kwenye belti za nje, kama ile ya altaneta, inayochaji betri. Ya taimingi ina meno, imefichwa nyuma ya kifuniko, na mara nyingi hukatika kimya. Katika injini nyingi, hapo pistoni hugonga vali, na matengenezo yake huzidi bei ya belti kwa mbali.

Kinachoamua wakati wa kuibadilisha ni kilomita au miaka, chochote kitakachotangulia. Magari mengi ya Kijapani huandikiwa kilomita 100,000, ila fuata kitabu cha gari lako. (Injini nyingine zina cheni, belti hiyo hazina kabisa.) Foleni ya feri Likoni, injini ikinguruma juani, haiongezi kilomita lakini mpira wa belti unazeeka.

Gari la mtumba? Fungua boneti utafute stika yenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho belti ilipobadilishwa. Bila stika wala risiti, mimi ningebadilisha tu, pamoja na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na belti hiyohiyo.