Je, wajua? Kwenye mbio za nyika za farasi, kuwahi hakuongezi kitu

Nilizoea mbio za farasi za Ngong, Nairobi, na pale sheria haihitaji mkalimani: anayetanguliza pua kwenye mstari ndiye mshindi. Siku ya kwanza nilipotazama kwenye runinga mashindano ya farasi ya siku tatu, nikaangukia siku ya mbio za nyika. Farasi waliondoka mmoja mmoja, wakaruka magogo, wakavuka mitaro, wakatumbukia kwenye madimbwi na kupanda kingo za udongo. Nikashika saa na kuanza kupanga washindi. Mmoja alipita kama anayefukuzwa na simba, nikawaambia wenzangu sebuleni kwamba huyo hapatikani tena. Matokeo yalipotoka, yeye na mwingine aliyetumia sekunde ishirini zaidi walikuwa wameandikiwa kitu kilekile: sifuri.

Sifuri ndiyo matokeo bora kuliko yote, na hapo ndipo nilipokuwa nimepotea. Tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi wanaopenda michezo, na karibu wote hujibu nilivyodhani mimi: mbio ni mbio, mwenye kasi hushinda. Jibu linaonekana wazi mno hata mtu hafikirii kuliuliza.

Mchezo huu una mitihani mitatu, na anayeifanya ni farasi mmoja na mpandaji mmoja. Kwanza ni dresaji: farasi anaonyesha utulivu, utii na ulaini wa hatua ndani ya uwanja mdogo. Waamuzi hutoa asilimia, na kile kilichopungua kufikia 100 hugeuzwa pointi za adhabu. Aliyepata asilimia 75 anaondoka na adhabu 25. Kisha zinakuja mbio za nyika. Mwisho ni kuruka viunzi uwanjani, ambako kila mti wa kiunzi unaoangushwa ni adhabu 4. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye bingwa. Ifikirie kama deni la dukani lisilolipika: baada ya dresaji umeshaandikiwa, na kuanzia hapo linaweza kukaa palepale au kukua, lakini kushuka halishuki.

Ndiyo maana kasi ya ziada haina pa kuingia. Kabla ya mbio za nyika, njia hupimwa kwa mita na kugawanywa kwa mwendo uliowekwa. Kwenye Olimpiki na ubingwa wa dunia mwendo huo ni mita 570 kwa dakika. Kinachopatikana ni muda uliopangwa. Ukifika ndani ya muda huo, iwe kwa sekunde moja au kwa nusu dakika, unaandikiwa sifuri. Ukichelewa, kila sekunde ni adhabu ya 0.4. Ukitumia mara mbili ya muda uliopangwa, umetolewa. Farasi akikataa kiunzi ni adhabu 20, na mpandaji akianguka safari yake imekwisha.

Kuna mahali kuwahi kunaadhibiwa kabisa. Marekani, kwenye madaraja ya wanaoanza, umewekwa pia muda wa chini, na anayefika kabla yake hukatwa 0.4 kwa kila sekunde, ili wageni wasiukimbilie mchezo wasioumudu. Kwenye ubingwa mkubwa adhabu hiyo haipo. Waandaaji hawana haja nayo, kwa sababu farasi mwenyewe ndiye atakayemdai mpandaji, kama nitakavyoeleza.

Sheria hii ya ajabu inatoka jeshini. Mchezo ulipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Stockholm mwaka 1912, walioruhusiwa kushindana walikuwa maofisa wa jeshi peke yao, na mpaka leo kuna Wajerumani wanaouita militari. Mwaka ule siku ya kwanza pekee ilikuwa na safari ya kilomita 55. Bingwa alikuwa Axel Nordlander wa Uswidi, juu ya Lady Artist. Waliotafutwa si wakimbiaji. Jeshi lilitaka farasi wa ofisa: atulie kwenye gwaride, apeleke ujumbe porini usiku na mchana, na kesho yake asubuhi awe bado anaweza kutandikwa. Farasi aliyefika dakika tano mapema kisha akashindwa kusimama, jeshi halikuwa na kazi naye. Kipimo hicho bado kipo. Asubuhi kabla ya kuruka viunzi, kila farasi hukimbizwa taratibu kwa kamba mbele ya waamuzi na daktari wa mifugo, na anayechechemea hurudishwa zizini hata kama anaongoza.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Antwerp mwaka 1920 dresaji iliachwa, Paris mwaka 1924 ikarudi na mpangilio wa mitihani mitatu ukatulia. Helsinki mwaka 1952 dhahabu ilikwenda kwa ofisa, Hans von Blixen-Finecke wa Uswidi. Jina hilo huenda unalijua ukiwa Nairobi: pacha wa baba yake ni Bror Blixen, yule mwindaji na mkulima wa kahawa wa Kenya. Ubingwa wa Ulaya ulianza mwaka 1953 pale Badminton, Uingereza, na ubingwa wa dunia mwaka 1966 pale Burghley, nchini humohumo, ambako Carlos Moratorio wa Argentina alishinda na Ireland ikachukua dhahabu ya timu. Wanawake walicheleweshwa bila sababu ya maana. Sheila Willcox alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1957 wakati Olimpiki bado imemfungia mlango. Mlango ulifunguliwa Tokyo mwaka 1964 kwa Lana du Pont wa Marekani, na dhahabu ya mtu mmoja mmoja ikamfikia mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 2021, Tokyo hiyohiyo, Julia Krajewski wa Ujerumani akiwa juu ya Amande de B'Neville.

Katika historia hiyo kuna kipindi ambacho mimi na wewe tungekuwa sahihi. Zamani kulikuwa na pointi za nyongeza kwa anayewahi, na ndiyo maana Richard Meade alishinda Munich mwaka 1972 akiwa na alama za kujumlisha, 57.73. Miaka minne baadaye, Montreal, bingwa Tad Coffin alihesabiwa kwa adhabu, 114.99. Ukiyaona matokeo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja unaweza kudhani ni michezo miwili tofauti. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Basi, kama kuwahi hakulipi, kwa nini mbio za nyika ziwe ngumu? Hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, kwa hiyo naomba twende polepole.

Mita 570 kwa dakika ni kama kilomita 34 kwa saa, au mita 9.5 kila sekunde. Farasi wa mashindano anaimudu kasi hiyo bila shida. Tatizo ni kwamba kasi hiyo ni wastani, na njia imejaa vitu vinavyoivunja. Umesafiri kwa basi kwenye barabara yenye matuta? Dereva wa kwanza anakanyaga mafuta mpaka karibu na tuta, anafunga breki, abiria wanainamia viti vya mbele, basi linavuka likilalamika, kisha anakanyaga tena. Wa pili anakwenda mwendo wa wastani, anaachia mafuta mapema, anateleza juu ya tuta na kuendelea. Ukiwatazama barabarani utaapa wa kwanza ndiye atakayefika mapema. Mwisho wa safari wanaweza kufika pamoja, na wa kwanza ametumia mafuta mengi zaidi.

Viunzi vya mbio za nyika ndiyo matuta hayo. Kabla ya kuruka, farasi lazima apunguzwe kidogo, akusanye miguu yake chini ya mwili, aone anachokiruka. Baada ya kutua anarudishwa kwenye shoti. Njia ya Versailles, kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ilikuwa na viunzi 28 ndani ya mita 5,149, na muda uliopangwa ulikuwa dakika 9 na sekunde 2. Mpandaji akipoteza sekunde moja tu kwa kila kiunzi, ama kwa kuvuta hatamu mapema mno au kuchelewa kuiachia, amechelewa sekunde 28. Hiyo ni adhabu ya 11.2, karibu sawa na kuangusha miti mitatu. Hakuna aliyemwona akienda polepole, na muda umekwisha.

Kona nazo zina hesabu yao. Njia hupimwa kwa gurudumu kwenye mstari ambao mbunifu wa njia anatarajia farasi apite. Ukikata kona kwa upana na kuongeza mita 19, sawa na basi kubwa moja na nusu, umeongeza sekunde 2 na adhabu 0.8. Ndiyo maana wapandaji huitembea njia hiyo kwa miguu, tena na tena, wakitafuta mti au kibanda cha kuwaonyesha mahali wanapopaswa kuwa kila dakika inapotimia. Siku ya mbio saa ya mkononi hulia kila dakika, na wao hulinganisha.

Je, si afadhali kufidia kwa kukimbia sana pale penye nafasi? Hapo ndipo farasi anapodai. Jiko la mkaa ukilipepea sana, moto unapanda kweli, lakini mkaa unakwisha kabla maharage hayajaiva. Farasi akivuka kiwango ambacho mapafu na moyo vinaweza kuihudumia misuli kwa oksijeni, misuli huanza kutengeneza nguvu kwa njia nyingine, asidi ya laktiki inajilimbikiza na uchovu unakuja haraka. Anayemaliza sekunde 15 mapema hakupata chochote, halafu kesho yake farasi mwenye miguu mizito anagusa mti mmoja: adhabu 4. Zamani gharama hii ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu siku hiyohiyo kulikuwa pia na mwendo mrefu wa barabarani na mbio fupi za kasi kabla ya nyika yenyewe. Sehemu hizo ziliondolewa kwenye Olimpiki kuanzia Athens mwaka 2004. Hata hivyo mwendo peke yake hauelezi kila anguko. Umbo la kiunzi na mahali kilipowekwa vina sehemu yao kubwa, na ndiyo maana siku hizi viunzi vingi vina pini zinazokatika farasi akivigonga vibaya.

Athens hiyohiyo ilionyesha saa inavyoweza kuamua katika siku ya viunzi pia. Bettina Hoy wa Ujerumani alivuka mstari wa kuanzia, akazunguka, kisha akauvuka tena, na saa ya uwanjani ikaanzishwa upya. Waamuzi walihesabu tangu alipovuka mara ya kwanza, kamati ya rufaa ikamwondolea adhabu, akavishwa medali. Siku chache baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaunga mkono hesabu ya waamuzi. Ujerumani ikapoteza dhahabu mbili: ya timu ikaenda Ufaransa, ya mtu mmoja ikaenda kwa Leslie Law wa Uingereza.

Sasa turudi Versailles, maana hesabu yote imo mle. Laura Collett wa Uingereza alitoka kwenye dresaji na adhabu 17.5, ambazo hazijawahi kuonekana chache hivyo kwenye Olimpiki. Michael Jung wa Ujerumani alikuwa na 17.8. Nyikani Jung alifika ndani ya muda akabaki na 17.8 yake, Collett akachelewa sekunde 2, akawa na 18.3. Uongozi ukabadilika kwa zile mita 19 za kona. Siku ya viunzi kila mmoja aliangusha mti, Collett akaongeza 0.8 nyingine za muda. Christopher Burton wa Australia hakuangusha kitu, akapita katikati yao kwa 22.4. Jung alimaliza na 21.8 na kuchukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja. Kati yake na Burton ni 0.6. Kama Jung angechelewa nyikani sekunde 2 kama Collett, angemaliza na 22.6, na dhahabu ingekwenda Australia.