Mashine ya mkate haijui joto la Mombasa

Kila Februari, kaskazi inapovuma na jikoni hakukaliki, simu huanza kuingia. "Mwalimu, mashine yangu imeharibika, boflo limebonyea katikati." Naenda kutazama, naikuta mashine nzima. Donge la unga ndilo lililoumuka kupita kiasi, likaishiwa nguvu kabla ya moto kuwaka.

Nilianzia kwenye tanuri la kuni, na siku hizi nafundisha watu kuoka nyumbani. Pale tanurini tulikuwa tukibonyeza donge kwa kidole. Alama ikirudi polepole, tunatia motoni. Ikikataa kurudi, tumechelewa. Mashine, inayokanda, kuumua na kuoka peke yake, haina kidole, inahesabu dakika tu, na dakika hizo zilipangwa kwa jikoni la nyuzi ishirini na kitu. Kwetu hata unga uliofunikwa kwenye debe unafika nyuzi 30.

Kwa hiyo kijitabu cha mashine kikikuambia utie maji ya uvuguvugu, usikifuate. Donge linataka kuwa kwenye nyuzi 25 hadi 27, na kule kukandwa kwenyewe kunaliongezea joto kwa msuguano. Tia maji ya friji, baridi kabisa. Kwa nusu kilo ya unga mweupe wa ngano mimi hutia mililita 290 za maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, viwili vya sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na hamira ya chengachenga kijiko kimoja cha chai. Wakati wa kusi, Julai hivi, naongeza hamira nusu kijiko. Chumvi usiipunguze, ndiyo inayoishika hamira isikimbie. Lakini ukitumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi, hutajua umetia kiasi gani. Tafuta maji matamu.

Dakika kumi baada ya ukandaji kuanza, fungua kifuniko. Watu wengi wanaogopa. Wala hakuna kitakachoharibika. Donge liwe duara, laini, limeachana na kuta za chombo. Likinata, ongeza unga kijiko kimoja, usubiri. Likiwa gumu na mashine inaguna, ongeza maji kidogo kidogo. Wakati wa masika unga huwa umeshavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo mililita 20 za maji mimi huziweka kando mpaka nilione donge.

Tui la nazi linakubali, na mkate wa tui na iliki ndio naoupenda kuliko yote. Tumia tui jepesi, la pili. Lile zito lina mafuta mengi na donge linashindwa kuinuka. Ila usilitie usiku ukategesha mashine ioke alfajiri. Kwa joto letu tui litachacha kabla ya asubuhi. Mkate wa kutegesha uwe wa maji, hamira ikae juu ya unga mkavu, mbali na maji.

Joto likizidi sana, naiachia mashine kazi ya kukanda tu. Nachagua programu ya donge, naliangalia kwa kidole changu, likiwa tayari nabadilisha kwenye programu ya kuoka.

Stima ikipotea katikati, baadhi ya mashine hukumbuka zilipofika kwa dakika chache, nyingine huanza upya. Donge likiwa limeshaumuka, usingoje: litie kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama mkate wa sinia. Na anayeletewa mashine na jamaa kutoka Marekani asome kibandiko cha nyuma kwanza. Kule ni volti 120, hapa ni 240. Bila transfoma itaungua siku ya kwanza.

Mkate ukiiva, utoe papo hapo, uuweke juu ya wavu wa waya upoe. Ukiuacha ndani, mvuke unarudi kwenye ganda na ganda linalowa. Ukishapoa, kata vipande, utakavyokula leo viache nje, vilivyobaki tia friza. Hewa yetu huutia mkate ukungu haraka.