Je, wajua kwa nini shujaa wa gemu ni mgumu kuigiza jukwaani?

Mtu anaweza kuicheza gemu moja miaka nenda miaka rudi, akashona vazi la shujaa wake mpaka uzi wa mwisho, kisha akapanda jukwaani kwenye mashindano ya kosplei, yaani ya kuvaa na kuigiza kama wahusika wa hadithi, na kushindwa na mwenye vazi la kawaida kuliko lake. Ukumbini watu hunong'ona kuwa majaji wamependelea. Mara nyingi sivyo. Gemu ina kitu ambacho jukwaa halina, nacho ni pedi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, mkononi mwa mtu.

Mhusika wa filamu hukata shauri mwenyewe, wewe unatazama tu. Wa gemu hukusubiri. Asiporuka kwa wakati ni kwa sababu hukubonyeza, na akianguka shimoni umemwangusha wewe. Mapenzi yetu kwa gemu huingilia vidoleni. Sasa mpandishe shujaa huyo jukwaani mbele ya watu waliokaa mikono mitupu: vazi lipo, upanga upo, lakini lile lililowafunga naye limebaki nyumbani. Kazi ya mshindani ni kulirudisha, na muda wenyewe ni mchache mno. Kwenye World Cosplay Summit, tamasha lililoanza mwaka 2003 huko Nagoya, Japani, na kuwa na shindano la ubingwa tangu 2005, wawakilishi wa nchi hushindana katika timu za watu wawili, na onyesho limezoeleka kuwa la dakika mbili na nusu hivi. Hadithi iliyokuchukua saa hamsini haiingii humo.

Ndiyo maana kusimulia hadithi yote ni njia ya uhakika ya kupotea. Wanaofanya vizuri huchagua tukio moja, na kwa maoni yangu tukio bora ni lile ambalo mchezaji analikumbuka kwa vidole. Chukua Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Wengi wanajua kwamba Aerith, mwenzake shujaa Cloud, huuawa na adui yao Sephiroth. Wanaoikumbuka kwa undani wanajua kinachotangulia: Cloud amesimama mbele ya Aerith, gemu inakurudishia pedi, na kila unachobonyeza kinamsogeza Cloud karibu zaidi na kumpiga msichana huyo kwa upanga wake. Wenzake wanapiga kelele ndipo anazinduka. Hofu ya pale ni ya mchezaji kabla ya kuwa ya Cloud, maana mkono wako ndio uliokuwa ukifanya. Tukio hilo jukwaani lingeweza kuendeshwa na mlio wa kitufe peke yake: mlio, mkono unapanda kidogo, kimya, mlio tena, unapanda zaidi. Hakuna haja ya kueleza lolote.

Sauti hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maonyesho mengi huchezwa juu ya sauti iliyorekodiwa mapema, waigizaji wakifuatisha midomo. Kwa mashujaa wasiosema, kama Link wa The Legend of Zelda, ambaye tangu 1986 gemu zake kuu zimemwacha karibu bila maneno, wengi hukimbilia kumwandikia hotuba. Hapo humuua. Ukimya wake ndio uliomwezesha kila mchezaji kujiona ndani yake. Mpe pumzi, mguno wa juhudi, mlio wa sanduku la hazina kufunguka; ukumbi utamjibu kwa kelele kabla hajainua kichwa.

Kisha kuna uzito, na hapa ndipo ninapoona kazi nzuri nyingi zikiharibika. Silaha za kosplei kwa kawaida ni sponji ya EVA, aina ya plastiki nyepesi, iliyolainishwa kwa hewa ya moto, ikaunganishwa kwa gundi ya mafundi viatu, na kutiwa mhimili wa bomba au mti. Upanga unaomfikia mtu kifuani unaweza kunyanyuliwa na mtoto. Ukiuzungusha kama ulivyo, watazamaji wote wanaona sponji. Mwigizaji hana budi kuutengeneza uzito kwa mwili wake: miguu ipanuke kwanza, kiuno kianze, mabega yafuate, upanga uje mwisho, na ukishapita umvute naye hatua moja.

Mapigano ya gemu yana mtego mwingine. Gemu za ngumi kama Street Fighter huenda kwa fremu, yaani picha mojamoja za skrini, 60 kila sekunde, na ngumi nyepesi inaweza kufika baada ya fremu 4 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwenye pedi anaihisi kwa sababu ameibonyeza. Aliye kiti cha nyuma haioni kabisa. Kwa hiyo kunakili kasi ya gemu kwa uaminifu huleta pigano ambalo halionekani, nawe unalazimika kuyarefusha maandalizi ya pigo na kumwacha anayepigwa achelewe kidogo kuanguka. Ni kuvunja gemu ili ifanane na gemu.

Kwa upande wa umbo, gemu zenyewe zimekwisha kutusaidia. Mario alipochorwa kwa ajili ya Donkey Kong ya mwaka 1981, nukta za skrini zilikuwa chache mno, kwa hiyo mbunifu wake Shigeru Miyamoto akampa masharubu yaliyoepusha kuchora mdomo, na kofia iliyoepusha kuchora nywele. Mhusika aliyezaliwa ili atambulike akiwa mdogo hivyo atatambulika pia kutoka mwisho wa ukumbi, mradi umbo lake la jumla limepatiwa kabla ya nakshi. Nakshi zina siku yao: katika mashindano mengi majaji hukagua vazi kwa karibu kabla ya onyesho, wakigeuza mishono na kuuliza kila kipande kimetengenezwaje. Lakini kama bamba la bega linamzuia shujaa kupiga goti, mimi ningelikata bila huruma.

Jambo linalosahaulika sana ni mgongo. Katika gemu nyingi za safari kamera hukaa nyuma ya shujaa, hivyo tumekaa na migongo yao kwa saa nyingi kuliko nyuso zao. Joho, ala ya upanga, jinsi mabega yanavyocheza akikimbia: hayo ndiyo tunayoyajua. Mwigizaji akiingia akiwa ameupa ukumbi mgongo, akasimama, akasubiri kama anayengoja kuamriwa, waliocheza wanamtambua papo hapo. Kusubiri nako kuna tabia yake. Sonic, shujaa mwenye mbio wa gemu zenye jina lake, tangu 1991 ukimwacha bila kubonyeza hupigapiga mguu chini kwa kukosa subira, na ishara ndogo kama hiyo huthibitisha kuwa mwigizaji ameishi na gemu, hakuiona kwenye picha tu.

Kubadilisha vazi mbele ya macho ya watu, kwa sumaku na velkro, hupendwa sana, na huleta shangwe. Hufaa pale tu ambapo shujaa mwenyewe hubadilika kwenye gemu.

Baada ya hayo yote, onyesho lijaribiwe mbele ya mtu ambaye hajawahi kuicheza gemu hiyo, maana ukumbini na hata mezani kwa majaji watakuwepo wa aina hiyo. Akiuliza shujaa anaitwa nani, si neno. Akiuliza anataka nini, rudini kwenye mazoezi na mpunguze pigano moja ili haja yake ipate nafasi ya kuonekana.