Leseni ya SCADA Haihesabiwi kwa Idadi ya Vifaa

Wahandisi wanaoandaa bajeti ya mfumo wa udhibiti huniuliza mara kwa mara: "Tuna vifaa 125 uwandani, tununue leseni ya ukubwa gani?" Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane programu husika inahesabu nini, kwa kuwa programu mbili zinaweza kukitazama kifaa kilekile na kila moja ikakihesabu kwa namna yake.

Programu ya SCADA, ile inayomwonyesha mwendeshaji hali ya mtambo kwenye skrini, kwa kawaida huhesabu tagi, yaani kila thamani inayosomwa kutoka kwenye PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, au kuandikwa humo. Katika WinCC ya Siemens, tagi zinazounganishwa na PLC ndizo zinazokula leseni, ilhali tagi za ndani, zinazotumika kwa mahesabu ya programu yenyewe, hazihesabiwi. Programu ya kusimamia vifaa, anayoitumia fundi kubadili mipangilio ya transmita (kifaa kinachopima presha, joto na kadhalika na kutuma kipimo hicho) bila kuifuata ilipofungwa, huhesabu vifaa vyenyewe. SIMATIC PDM ni ya aina hiyo, ingawa nayo hukiita kipimo chake TAG, na hapo ndipo wengi hupotea. Ignition, programu nyingine ya SCADA, haihesabu tagi hata kidogo. Leseni yake ya kawaida hufungwa kwenye seva.

Tuchukue vifaa hivyo 125: transmita 60 za HART (mawasiliano ya kidijitali yanayopita juu ya waya uleule wa ishara), vali 40 na mota 25. Transmita inayotumiwa kwa ishara ya mkondo wa umeme wa 4–20 mA pekee hutoa thamani moja, kwa hiyo tunapata tagi 60. Kila vali ina amri, mrejesho wa mkao, na ishara mbili za kufunguka na kufungika kabisa, jumla 160. Kila mota ina amri ya kuwasha, ishara ya kuzunguka na ishara ya hitilafu, jumla 75. Hesabu yote ni 295, na leseni ya WinCC V7 ya tagi 512 inatosha na kubakiza nafasi ya upanuzi.

Sasa mtu wa mchakato akiomba thamani zote nne ambazo transmita ya HART inaweza kuzituma kidijitali, zile 60 zinakuwa 240 na jumla inafika 475. Bado ziko chini ya 512, lakini ukiongeza akiba ya asilimia 20, ambayo mimi siikosi kamwe, unafika 570 na umeshavuka. Na kama kila mota inaendeshwa na kidhibiti kasi kilichounganishwa kwa mtandao, nacho kinaleta kasi, mkondo, torki, joto na mengineyo hadi thamani 12 badala ya zile tatu, jumla ni 700 hata kabla ya akiba, na ngazi ya leseni inayofuata katika WinCC V7 ni 2,048. Hakuna kifaa hata kimoja kilichoongezwa.

Niliwahi kuliona kosa hili likitokea siku ya kuwasha mtambo. Mnunuzi alihesabu mistari ya orodha ya vifaa, akanunua leseni kwa idadi hiyo, na tulipopakia tagi zote programu ikarudi kwenye hali ya majaribio huku waendeshaji wakiwa tayari mbele ya skrini. Iliniuma, maana jedwali la ingizo na tokeo, linaloorodhesha kila ishara, lilikuwepo tangu miezi ya usanifu, ila hakuna aliyelifungua.

Ishara za ndiyo au hapana zina nafuu yake. Ukizikusanya 16 katika neno moja (kundi la biti 16) ndani ya PLC, WinCC huhesabu tagi moja, kisha kengele husomwa biti kwa biti kutoka humo. Hata hivyo, usibane kila kitu kwa ajili ya kuokoa leseni, kwa sababu fundi atakayetafuta hitilafu usiku atalazimika kujua biti ya saba ya neno lipi ni vali ipi.

Kwa upande wa usimamizi wa vifaa, swichi ya kawaida ya presha isiyo na mawasiliano ya kidijitali haingii kwenye hesabu. Katika mfano wetu, zinahesabiwa transmita 60, vali 40 kama vidhibiti mkao vyake vinaongea HART, na vidhibiti kasi 25 endapo programu itavifikia kupitia mtandao. Ndiyo maana katika orodha ya vifaa mimi huongeza safu mbili, moja ya idadi ya tagi za SCADA kwa kila mstari, nyingine ya kama kifaa kinaongea kidijitali, na ninazijaza kabla ombi la bei halijatoka.