Nilifuta hifadhidata ya furu nikidhani ni ya sato

Umeme ulikatika hapa Kirumba saa nne usiku, ukarudi baada ya nusu saa. Seva ikawaka yenyewe, na mashine pepe zake tano (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani yake) zikafuata. Nikaingia kwa SSH (njia ya kuendesha mashine kwa mbali) kwenye 192.168.1.23, anwani ya sato, mmoja wa hao watano, niliyokwisha kuikariri, nikafuta hifadhidata ya majaribio. Kumbe 23 sasa alikuwa furu, na ya furu haikuwa ya majaribio.

(Ndiyo, zote zina majina ya samaki. Wengine ni sangara, kamongo na dagaa. Seva yenyewe inaitwa mwamba. Mtu wa Mwanza angeiitaje?)

Mashine hizi zilikuwa zinachukua anwani moja kwa moja kutoka kwenye ruta ya nyumbani. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya waliopewa anwani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika, kwa hiyo zikiwaka zinagawa upya. Hilo nililijua. Kilichonisumbua ni kwa nini SSH haikupiga kelele kwamba ufunguo wa mashine, alama ambayo SSH huitambulia, umebadilika. Jibu likanitia aibu: zote ni nakala za kiolezo kimoja, na sikuwahi kufuta funguo za SSH zilizomo ndani yake. Kwa SSH, sato na furu walikuwa mtu mmoja. Hata jina lililoonekana mwanzoni mwa mstari wa amri lilikuwa moja kwa zote.

Wengi wangeongeza mistari kwenye /etc/hosts, faili la kuandika jina na anwani yake. Nilishafanya hivyo, na faili hilo lilizeeka kila umeme ulipokatika. Pale mwaloni mtumbwi ukirudi unafunga palipo na nafasi. Ukiutaka, unamuuliza aliyeupokea. Na huku ni hivyohivyo: anayegawa anwani ndiye aulizwe.

Nikazihamishia mashine kwenye mtandao wa ndani wa libvirt (programu inayosimamia mashine pepe), ule wa 192.168.122.0/24, ambako mgawaji ni dnsmasq inayokaa humohumo kwenye mwamba. Kisha:

sudo apt install libnss-libvirt

Na kwenye /etc/nsswitch.conf, faili linalosema majina yatafutwe wapi:

hosts: files libvirt libvirt_guest dns

Neno libvirt hutafuta jina ambalo mashine ilijitaja yenyewe ilipoomba anwani. libvirt_guest hutafuta jina unaloliona kwenye virsh list, yaani orodha ya mashine za libvirt. Mimi lililoniokoa ni la pili, maana ndani zote zilijiita kiolezo.

Halafu sangara na dagaa wakapewa anwani moja! Ubuntu huomba anwani kwa kitambulisho kinachotokana na /etc/machine-id, nacho kilikuwa kimenakiliwa pia. Ruta ilikuwa inatazama MAC tu (namba ya kadi ya mtandao), ndiyo maana niliishi na kosa hili bila kulijua. dnsmasq inakitazama kitambulisho hicho kwanza. Kwa hiyo nikasafisha kiolezo kabla ya kunakili upya:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*

Faili la kwanza limwage tu, usilifute. Na funguo za SSH usitegemee zitajizalisha zenyewe. Kwenye kila nakala mpya naendesha ssh-keygen -A kupitia virsh console.

Yote haya yanafanya kazi ndani ya mwamba peke yake. Laptopu yangu haimjui sato, na haina haja ya kumjua. Kwenye ~/.ssh/config ya laptopu:

Host sato sangara furu kamongo dagaa
    ProxyJump mwamba

SSH inafika mwamba kwanza, na ni mwamba anayelitafsiri jina. Mwamba mwenyewe nimemfungia anwani kwenye ruta kwa MAC yake, moja tu badala ya sita.

Ukitaka kuhakiki, usitumie dig. Inakwenda moja kwa moja kwa seva ya DNS bila kupitia nsswitch, itakuambia sato hayupo, nawe utapoteza jioni nzima kama mimi. Ukiwa ndani ya mwamba, andika getent hosts sato.