Mungu si wa kuziba mapengo ya sayansi

Nafundisha teolojia hapa Goma na kuna swali linarudi kila mwaka, tena huwa linatoka kwa wanafunzi wenye akili nzuri sana: prof, kama watu wa OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma, wanatuelezea juu ya nini volkano ya Nyiragongo inalipuka, Mungu amebakia na kazi gani? Na sisi watumishi wengi tunakimbilia kusema eti sayansi bado haijajua yote, basi Mungu yuko pale isipofika.

Jibu hilo silikubali hata kidogo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, aliandika akiwa gereza la Tegel, Berlin, Mei 1944, kwamba tusimfanye Mungu kiraka cha ujinga wetu, juu kila ujuzi ukisonga mbele yeye anarudishwa nyuma. Tumtafute ndani ya yale tunayoyajua. Lava ya Nyiragongo ina silika (madini yanayofanya lava kuwa nzito) kidogo sana, ndiyo maana inakimbia hivyo, 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, 2021 ikafika Buhene, pembeni ya mji. Hiyo ni jiolojia, na mama aliyesikia onyo akabeba watoto kukimbilia mji wa Sake hakukosa imani.

Kuna jibu lingine baya pia, la kusema asiyeamini maisha yake hayana maana. Si kweli jamani. Albert Camus, mwandishi Mfaransa, hakumwamini Mungu, na 1942 aliuliza wazi kama inafaa kuendelea kuishi, lakini Wanazi walipokalia Ufaransa hakukaa mikono mitupu, aliingia kwenye Combat, gazeti la siri la wapinzani. Mtu kama huyo huwezi kumwambia amepotea tu.

Mimi naona mazungumzo yanaanza kweli kweli tukifika kwa swali la wafu. Max Horkheimer, mwanafalsafa Mjerumani aliyeanzia kwenye mawazo ya Karl Marx, alimwandikia mwenzake Walter Benjamin 1937 kwamba waliouawa wameuawa kweli, yaani hakuna maendeleo yatakayowarudishia haki yao. Halafu 1970, akiwa mzee, akasema dini ina ile hamu kwamba muuaji asimshinde moja kwa moja mtu asiye na kosa. Hapa Kivu, penye vita vya miaka mingi, kila familia inajua hamu hiyo, wengine hata kaburi la kuwekea maua hawana, na ukimwambia mjane kwamba vizazi vijavyo vitaishi vizuri umemwambia nini juu ya bwana yake?

Wanafunzi wananikatiza hapo, prof, kutamani si ushahidi. Wana haki kabisa, njaa haileti chakula mezani. Ndiyo sababu ukristo haukusimama juu ya hamu peke yake: Paulo katika 1 Wakorintho 15 anasema kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure, hajifichi, halafu anataja waliomwona, Kefa (yaani Petro), Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao, anasema, bado wako hai, maana yake msomaji wa Korintho alikuwa na watu wa kuuliza.